Jiko la Pamoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wageni Wetu wa Bagamoyo

Nyumba yetu ya wageni iko Bagamoyo, upande wa Mji Mkongwe, mwendo mfupi kwa miguu kutoka soko la samaki. Ina vyumba saba na jiko moja. Wageni wengi wanaichagua kwa ajili ya hilo jiko: mtu anataka anunue samaki wake mwenyewe, ampike anavyojua, ale bila kuangalia orodha ya bei. Malalamiko ya vitanda na vyandarua nayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ya jikoni huja karibu kila wiki, na ukiyachimba unakuta chanzo ni kilekile: mtu alifanya jambo bila kusema. Alichukua bila kuuliza, aliondoka sufuria ikiwa motoni bila kumwachia mtu, au alikerwa akanyamaza mpaka siku ya tatu akalipuka. Majibu haya nimeyaandika kwa wageni wetu, ila ukifikia nyumba nyingine yoyote yenye jiko la wote, sehemu kubwa yatakufaa.

Nikifika, naanzia wapi?

Anzia mlangoni. Piga hodi hata kama mlango uko wazi na huoni mtu, kwa sababu mara nyingi yupo: amechuchumaa nyuma ya meza anamenya vitunguu, au yuko uani anapepea mkaa. Ukikaribishwa, salimia kila aliyemo. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake, wa rika lako mwulize habari za saa hizi. Halafu jitambulishe na useme haja yako: "Mimi mgeni wa chumba namba nne, nataka kuchemsha maji ya chai tu. Nani yuko kwenye moto?"

Hapo utaonyeshwa kila kitu bila kuomba. Pleti ya kulia ya jiko la gesi ndiyo yenye moto mkubwa. Jiko la mkaa liko uani chini ya mwembe. Visu viko kwenye droo ya juu, na sufuria zenye alama ya rangi ya kijani ni za mboga tu, nitaeleza mbele kwa nini. Mgeni aliyeingia kimya akaanza kufungua makabati mwenyewe hupata vitu hivyohivyo, lakini waliomo wanamtazama mgongoni wakijiuliza anatafuta nini, na hali hiyo ikishaanza ni kazi kuiondoa.

Naweza kupika saa ngapi?

Jiko liko wazi kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Msongamano ni saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, kila mtu anataka chakula cha usiku. Ukutani kuna ubao na chaki. Andika jina, chumba na saa unayotaka moto. Nusu saa hadi dakika arobaini kwa mtu mmoja inatosha kwa wali na mchuzi. Ukichelewa kutoka kwenye matembezi ya Kaole, piga simu tufute jina lako, mwingine apike.

Maharage, makande, kisamvu na vyote vinavyochukua saa nyingi vipikwe mchana kwenye mkaa. Loweka maharage tangu usiku, yataiva upesi na utatumia mkaa kidogo. Mtu akiteka pleti ya gesi kwa maharage makavu saa 1 usiku, watu sita wanalala wamechelewa kula.

Gesi inalipiwa?

Gesi imo kwenye bei ya chumba. Mkaa unanunua mwenyewe, duka la jirani wanauza kwa kopo.

Hapa naomba usome polepole. Unapowasha, kiberiti kwanza, gesi baadaye: njiti ikishawaka ndipo ufungulie. Ukimaliza, zima kwenye jiko, kisha funga na juu ya mtungi. Ukiingia ukasikia harufu ya gesi, usiwashe taa, usizime taa, usichomoe wala kuchomeka chochote kwenye plagi. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toka, uje uniite. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini sakafuni. Unaweza kuona pua yako imeacha kunusa kumbe gesi iko miguuni. Mpira tukiushuku tunaupaka povu la sabuni; panapovuja patatoa mapovu. Usijaribu kupima kwa kiberiti.

Na jiko la mkaa halivuki kizingiti cha chumba cha kulala, hata liwe limebaki kaa moja jekundu, hata mvua ya masika iwe inapiga na una baridi. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Jambo hili siwezi kumvumilia mgeni hata mara moja.

Chumvi, mafuta na viungo nilivyovikuta ni vya nani?

Rafu ya chini ni ya wote: chumvi, majani ya chai, sukari kidogo, kiberiti, sabuni ya vyombo. Tumia. Ukimaliza cha mwisho, niambie au nunua kingine. Rafu ya juu na visanduku vyenye namba ni vya watu. Usiguse, hata kama ni kitunguu kimoja na mwenyewe amekwenda ufukweni. Kitunguu hakina thamani kubwa, ila yeye alikihesabu kwenye mapishi yake ya usiku.

Na ukishagusa kwa makosa? Nitakusimulia kisa, kwa sababu ndicho kilichonifundisha.

Mama mmoja alifika hapa na wanawe wawili. Asubuhi alikuna nazi nne, akakamua tui la kwanza, zito, akalitia kwenye jagi na kuliweka kwenye friji. Akachukua kikapu kwenda kuvizia samaki. Nyuma akaamka kijana msafiri, akafungua friji, akaona jagi jeupe, akajua ni maziwa ya wageni wote. Akapikia chai, wenzake wawili wakanywa, wakasifu. Mama aliporudi alisimama mbele ya friji mlango ukiwa wazi mpaka mota ikaanza kunguruma. Hakusema neno. Akalitoa jagi, akalipindua juu ya sinki, likadondoka tone moja.

Kijana alikuwa palepale mezani, kikombe mkononi. Angeweza kuinama akaendelea na simu yake. Akasimama: "Mama, ni mimi. Nilidhani ni maziwa. Nisamehe." Akatoka, akarudi na nazi nne, akakaa juu ya mbuzi kwa mara ya kwanza maishani. Alikuwa akikandamiza mpaka anafika kwenye kifuu, nazi ikawa na chembe za kahawia. Mama akamtazama kitambo, kisha akasogeza kigoda: "Mwanangu, zungusha nazi, usiisukume. Meno ya mbuzi yatakata yenyewe." Ule wali uliiva saa 3 usiku na kijana alikula kwenye sinia moja na wale watoto.

Kwa hiyo ukikosea: sema kabla mwenyewe hajagundua, au mara tu anapogundua. Rudisha kitu kilekile. Usimpe hela tu mkononi, maana hela haimwondolei safari ya sokoni. Kosa langu mimi lilikuwa kutoweka utepe wa kuandikia majina. Sasa unaning'inia pembeni ya friji pamoja na kalamu.

Utaratibu wa friji ukoje?

Jina, chumba, tarehe. Kila kitu kiwe na mfuniko. Kisicho na jina kinaondolewa Jumatatu asubuhi, na kabla ya kuondoa tunapita vyumbani kuuliza.

Kuhusu kiporo. Najua utamu wa wali wa jana na chai ya asubuhi, nimekulia humo. Lakini wali ukiachwa mezani usiku kucha kwenye joto la pwani ni hatari. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa moto wa kupikia. Wali ukipoa taratibu huamka, huzaana, na sumu wanayoitoa haiondoki hata ukipasha moto tena. Weka wali kwenye friji ndani ya saa mbili tangu uive, uutandaze kwenye chombo kipana upoe haraka. Ukifanya hivyo kiporo chako kitakuwa salama asubuhi.

Umeme ukikatika, usifungue friji kuangalia kama bado kuna ubaridi. Mlango ukibaki umefungwa, ubaridi hukaa takriban saa nne. Na kama ni LUKU iliyoisha, nigongee mlango saa yoyote, usione haya.

Nimenunua samaki. Nimwandalie wapi?

Hongera, umefika mahali pake. Soko liko ufukweni, mnada unafanyika mashua na ngalawa zinaporudi, na bei ya mnadani hupungua kadiri fungu linavyokuwa kubwa. Wageni wawili watatu wakiungana kununua fungu moja wanapata nafuu. Waulize wenzako jikoni kabla hujatoka. Beba kikapu au ndoo yenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na samaki kwenye mfuko wa karatasi hafiki nyumbani.

Palepale sokoni wapo wanaoparua samaki kwa malipo madogo. Wape kazi hiyo. Wanaijua, na magamba yanabaki huko. Ukipenda kuparua mwenyewe, fanya uani kwenye bomba la nje, juu ya lile jiwe bapa. Usiparue kwenye sinki la ndani, kwa sababu magamba huruka hadi kwenye vikombe vya jirani na hukauka kama gundi, na matumbo yakiziba bomba tunakaa siku nzima bila pa kuoshea. Matumbo yafukie kwenye shimo la taka nyuma ya ua, usiwatupie paka. Ukiwazoesha, kesho wanaingia jikoni mchana kweupe.

Kama humpiki saa hiyohiyo, mweke kwenye barafu au friji mara moja. Nasisitiza hasa kwa jodari na vibua. Samaki hawa wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, na histamini haitoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Ukionja ukahisi ulimi unawasha kama umelamba pilipili, tema na uache. Uso ukianza kuwaka na moyo kwenda mbio, tutakupeleka hospitali, tuambie upesi.

Bunju haingii jikoni hapa, hata mtu akuapie kuwa anajua kumsafisha. Sumu yake haivunjwi na moto. Kasa naye haingii, kwanza analindwa na sheria, pili nyama yake inaua: Machi 2024 watu 9, wanane kati yao watoto, walikufa Kisiwa Panza huko Pemba baada ya kula kasa. Mtu akikuuzia nyama asiyotaka kutaja jina lake, usinunue.

Ukimaliza kukaanga, fungua dirisha, futa mafuta yaliyoruka ukutani, na ndimu uliyokamulia samaki itumie tena kusugua kibao na mikono. Mafuta yaliyobaki usimwage kwenye sinki, kuna kopo lake chini ya meza.

Naruhusiwa kupika nguruwe?

Hapana. Wageni wetu wengi ni Waislamu, na majirani wanaotuazima kinu na masinia ni Waislamu. Wengine huniambia watatumia sufuria yao wenyewe. Naelewa nia njema, ila jambo haliishii kwenye sufuria. Kuna mwiko, kibao, mafuta yaliyoruka kwenye jiko, dodoki lililooshea. Mwenzako akishajua, hawezi tena kula kwa moyo mweupe kwenye vyombo vya humu. Kitimoto kinapatikana mjini kwa wanaokipika, kale huko, rudi ukanawe.

Zile sufuria za alama ya kijani nilizitenga kwa sababu hiyohiyo. Tumewahi kukaa na familia ya Wahindu wasiokula nyama wala samaki, na tangu siku hizo sufuria tatu, mwiko mmoja na kibao kimoja havijaguswa na kitoweo. Ukiona alama ya kijani, chemshia mboga, nafaka au matunda tu.

Na mwezi wa Ramadhani?

Kupika mchana kunaruhusiwa kwa asiyefunga: watoto, wagonjwa, wasafiri, wasio Waislamu. Pika mlango ukiwa umerudishwa, na ulie ndani. Kula barazani mbele ya wapita njia waliofunga hakupendezi, na kijiko chako hakitapungua ladha ukiwa mezani jikoni.

Kuanzia saa 10 jioni waachie moto wanaoandaa futari. Viazi, mihogo, ndizi za nazi, tambi na uji wa pilipili manga vinahitaji nafasi, na wanashindana na adhana. Kama wewe huna haraka, pika saa 9 au subiri saa 2 usiku. Wanaoamka kula daku huingia usiku wa manane. Wao wanajua kutotwanga kitu saa hizo, nawe ukisikia sufuria zikigongana kidogo, vumilia.

Usishangae ukibishiwa hodi chumbani jua linapozama, mtoto wa jirani amekuletea sahani iliyofunikwa kwa kawa. Pokea kwa mkono wa kulia, shukuru, mwulize ni nani kamtuma. Sahani ioshe, na hairudi tupu. Weka chochote ulichonacho: maembe mawili, kipande cha nanasi la Kiwangwa, tende. Wageni kutoka mbali huniuliza wanunue nini cha thamani. Hakuna haja. Mwenye sahani anataka ajue kwamba uliipokea.

Nikikuta wenzangu wanakula wakaniambia "karibu", nikae?

Watakukaribisha, na kwa dhati. Huku mtu hali huku mwingine anapita bila kukaribishwa. Kama hujisikii, sema "starehe" au "ahsante, endeleeni, nimeshiba", inatosha, hakuna atakayenuna. Kukaa kimya ndiko kunakoumiza. Ukikubali, nawa mikono, kaa, kula kwa mkono wa kulia, na kwenye sinia kula upande wako. Nyama ya katikati mwenyeji atakusogezea. Kesho yake ukipika, nawe sema karibu.

Vyombo nioshe lini, na kuosha ni nini hasa?

Osha kabla hujatoka jikoni. Ruhusa ya kula kwanza ipo, ruhusa ya kulala kwanza haipo. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye jiko la wote jembe ni dodoki, na kila mtu analishika tangu siku ya kwanza.

Sufuria ya ugali iloweke maji dakika ishirini, ukoko utabanduka wenyewe. Usiikwangue kwa kisu. Kikaango cheusi kisichoshika chakula kioshe kwa kitambaa laini, kwa sababu stili waya inakiua. Kama utapikia mkaa au kuni, paka sufuria sabuni ya mche kwa nje kabla ya kuiweka motoni, masizi yatatoka kwa maji tu. Hili bibi yangu alinifundisha nikiwa na miaka saba na sijapata njia bora zaidi. Mwiko wa mti usiuache majini. Kisu usikitumbukize kwenye beseni lenye povu, anayefuata ataingiza mkono bila kukiona. Mbuzi ya nazi ikunje na uiegeshe meno yakitazama ukuta, kuna watoto.

Machicha ya nazi usipitishe kwenye sinki. Kuku wa jirani wanayapenda, weka kwenye ndoo ya bluu.

Na kuna jambo naomba lieleweke vizuri. Dada anayefanya kazi hapa anafagia, anadeki na kubadilisha mashuka. Vyombo vyako si kazi yake. Yeye hatakataa ukimwachia, ana adabu, ataviosha usiku akiwa amechoka na hatasema. Ndiyo maana nasema mimi. Kama unataka akupikie au akuoshee, mwombe uso kwa uso, mkubaliane malipo, na umlipe siku hiyohiyo mkononi mwake. Naye mwite dada, au kwa jina lake. Usimpigie mluzi.

Maji ya bomba yanafaa kunywa?

Hapana, mpaka yachemke. Yakifika kutokota kwa mapovu makubwa, yaache dakika moja hivyo, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Dumu la maji ya kunywa lina kata yake ndefu, chota kwa kata, usitumbukize kikombe ulichonywea. Maji ya mji hayaji kila siku, tunategemea simtanki. Osha vyombo kwa beseni mbili, la povu na la kusuuzia, usiache bomba likitiririka.

Nina mzio wa karanga. Nifanyeje?

Tuambie siku unapofika, nami nitaandika ubaoni kwa herufi kubwa. Kinu chetu kimetwanga karanga miaka mingi, usikitumie. Mchicha na kisamvu vya huku hutiwa karanga mara nyingi bila kutajwa, kwa hiyo ukikaribishwa uliza: "Kuna karanga humu?" Swali hilo halimkosei mwenyeji.

Wiki ya tamasha itakuwaje?

Nyumba hujaa. Tamasha la sanaa na utamaduni la Bagamoyo limekuwepo tangu 1982, lilianzia kwenye chuo cha sanaa ambacho sasa ni taasisi, na siku hizo wacheza ngoma, wapiga marimba na watazamaji wanalala hadi kwenye magodoro ya sebuleni. Pleti mbili haziwezi kuhudumia watu ishirini na kitu, ubao ungejaa mpaka alfajiri.

Kwa hiyo tunapika chungu kimoja. Asubuhi kila anayetaka kula anachangia, wawili wanakwenda sokoni, wanne wanapika, wengine wanaosha. Kesho yake zamu inageuka. Orodha ya michango inabandikwa, na risiti ya kila kilichonunuliwa inabandikwa chini yake, hata ya pilipili. Mji huu una historia ya hilo. Karne ya 19 misafara kutoka bara iliishia hapa, na wapagazi kwa maelfu walikuwa wakila kwa makundi madogo, kila kundi na chungu chake, wakigawana kuni, maji na kupika. Anayetaka kupika peke yake wiki hiyo haruhusiwi kwenye gesi, ila jiko la mkaa liko wazi kwake kuanzia saa 8 mchana.

Asiyechangia asile kwa kunyemelea. Kama hela imekuishia, nong'ona nami. Vitunguu vya kumenya havikosekani, na anayemenya anakula.

Mwenzangu haoshi vyombo / anakula vyangu / anapiga kelele. Nifanyeje?

Mwambie yeye kwanza, peke yake, mapema, siku hiyohiyo. Anza na salamu, kisha jambo lenyewe: "Kaka, samahani, sufuria yako ya jana bado iko kwenye sinki, nami nataka kuosha." Basi. Usimkumbushe na ya juzi.

Usibandike karatasi kwenye friji. Tuliwahi kuona karatasi moja isiyo na jina, "ACHENI UCHAFU", na siku mbili nzima watu saba walitazamana kwa shaka, kila mmoja akidhani ameandikiwa yeye. Aliyelengwa alikuwa ameshaondoka asubuhi ile. Nikaing'oa mwenyewe.

Ukisema mara mbili hajasikia, niletee mimi. Nitazungumza naye barazani, si mbele ya wengine.

Watoto wanaruhusiwa jikoni?

Wakiwa na mkubwa wao. Mikono ya sufuria igeuzwe ndani.

Siku ya kuondoka nifanye nini?

Usiku wa kuamkia safari toa vyako vyote kwenye friji. Kinachofaa bado na hakijafunguliwa, ondoa utepe wenye jina lako, uweke rafu ya chini, umwambie angalau mtu mmoja ni kitu gani na umekinunua lini. Mafuta yaliyofunguliwa, mchele na unga vinapokelewa. Samaki wa juzi hapokelewi. Chakula kilichopikwa usituachie bila kusema, maana hakuna atakayethubutu kukila na hakuna atakayethubutu kukitupa, kitakaa pale mpaka Jumatatu.

Futa jina lako ubaoni. Aga wenzako wa jikoni, hata uliyegombana naye juzi kuhusu pleti ya kulia. Ufunguo wa kisanduku chako unaning'inizwa kwenye msumari wa pili nyuma ya mlango, na kama basi lako ni la alfajiri, chai huwa iko kwenye chupa ya manjano kuanzia saa 11.